Mbio Zimegeuka Msafara: Mwongozo wa Kutafuta Kasoro katika Kanuni za Mbio za Magari

Malalamiko yanayowafikia waandaaji wa mbio za magari na pikipiki hujirudia msimu baada ya msimu. Watazamaji husema mbio zimekuwa msafara wa magari yanayofuatana, madereva husema gari la mbele halikaribiki, wahandisi husema tairi hazihimili, na kamati ya kanuni hujibu kwa kubadilisha kilicho karibu na mkono, ambacho mara nyingi sicho kilichoharibika. Mwongozo huu unapanga malalamiko hayo kwa dalili. Chini ya kila dalili zimewekwa sababu zake, ile ya kawaida zaidi ikitangulia, pamoja na vipimo rahisi vya kuanzia, marekebisho mazito zaidi, na mahali ambapo mtunga kanuni anapaswa kuweka kalamu chini na kumwita mtaalamu.

Vipimo vya kufanya kabla ya kugusa kanuni yoyote

Anza na mpangilio wa kuanzia. Mchujo wa kupanga nafasi humweka mwenye kasi zaidi mbele na wa polepole zaidi nyuma, kwa hiyo katika siku ya kawaida isiyo na mvua wala ajali hakuna sababu kubwa ya magari hayo kupitana, hata kama gari na njia ni nzuri kiasi gani. Ukiona mbio moja zimepooza, angalia kwanza kama aliyeanza wa kwanza alikuwa kweli na kasi kuliko wa pili. Ikiwa alikuwa nayo, hakuna kilichoharibika: mwenye kasi ameshinda, na kanuni hazina kosa.

Kipimo cha pili ni kuhesabu majaribio badala ya kuhesabu idadi ya kupitana peke yake. Kinachomfanya mtazamaji asogee ukingoni mwa kiti ni shaka: je, wa nyuma atathubutu, na wa mbele atajilinda vipi? Mashambulizi yanayodumu mizunguko kumi na kuishia bila kupitana yanaweza kuwa mbio bora kuliko mara hamsini za kupitana zisizo na upinzani. Kamati inayohesabu kupitana peke yake itatibu ugonjwa usiokuwepo na kuuacha uliopo.

Kipimo cha tatu ni subira. Mwaka 2016 Formula 1, mashindano makuu ya magari ya mbio duniani, ilianza msimu kwa mchujo mpya ambao ulimtoa dereva wa polepole zaidi kila baada ya sekunde 90. Katika mbio za kwanza, huko Melbourne, dakika za mwisho za mchujo zilipita njia ikiwa karibu tupu, kwa sababu madereva walikuwa wameshaweka muda wao na kurudi gereji kuhifadhi tairi. Baada ya mbio mbili tu utaratibu huo ulifutwa. Mchujo wa awali haukuwa na tatizo lililohitaji tiba hiyo, na jedwali la muda la majaribio yoyote ya faragha lingetosha kuonyesha kwamba dereva aliyemaliza tairi zake nzuri hana sababu ya kutoka tena.

Dalili ya kwanza: gari la nyuma linakaribia haraka, kisha linaganda umbali wa sekunde moja hivi

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa kuliko zote, na inafaa kuitazama kwa karibu. Chukua kona ndefu ya kasi. Dereva wa nyuma anaingia kwa mwendo uleule alioutumia mzunguko uliopita alipokuwa peke yake, lakini safari hii pua ya gari inakataa kugeuka na kuanza kuteleza kuelekea ukingo wa nje. Anaachia mafuta kidogo mno, kiasi ambacho kamera haikioni. Anapotoka kwenye kona amekwisha kupoteza mita kadhaa, na sehemu iliyonyooka inayofuata inatosha kuzirudisha tu, haitoshi kumpeleka ubavuni mwa mwenzake. Mzunguko unaofuata anarudia yaleyale.

Sababu ya kawaida zaidi ni hewa iliyovurugika. Gari la kisasa la mbio hushikilia barabara kwa mgandamizo wa hewa unaotengenezwa na mabawa na sakafu yake, na gari la mbele huacha nyuma yake hewa iliyochafuka ambayo bawa la mbele la mfuasi haliwezi kuitumia ipasavyo. Kipimo chake ni rahisi: linganisha muda wa mfuasi kwenye kona za kasi na kwenye kona za polepole. Akipoteza kwenye kona za kasi peke yake, tatizo ni hewa. Akipoteza kila mahali, gari lake ni la polepole tu, na kanuni hazihusiki.

Marekebisho ya kasoro hii yana historia ndefu yenye mafunzo. Mwaka 2009 Formula 1 ilipanua bawa la mbele, ikapunguza upana wa bawa la nyuma na kulipandisha juu, na ikarudisha tairi laini zisizo na mifereji, kwa nia ya kupunguza utegemezi wa hewa na kuongeza ule wa mpira. Wazo lilikuwa sahihi, lakini kabla hata ya mbio za kwanza timu tatu, yaani Brawn, Toyota na Williams, zilikuwa zimepata mwanya wa difyuza maradufu, yaani njia mbili za kutolea hewa chini ya nyuma ya gari, uliorudisha sehemu kubwa ya mgandamizo ambao kanuni ilikusudia kuuondoa. Waamuzi waliukubali muundo huo, timu nyingine zikauiga, na sehemu ya faida iliyotarajiwa ikayeyuka. Mwaka 2017 kamati ilikwenda upande wa pili kabisa: magari yalipanuliwa kutoka mita 1.8 hadi mita 2, tairi zikanenepa, na mgandamizo ukaongezwa ili muda wa mzunguko upungue. Magari yalikuwa ya kasi ya kuvutia mno kwenye kona, na kupitana kukapungua sana. Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto, na lilikuwa jambo lililotabirika, kwa kuwa kila kilo ya mgandamizo inayotoka kwenye mabawa ni kilo ambayo mfuasi anaweza kuipoteza.

Marekebisho mazito zaidi yalikuja mwaka 2022, pale sehemu kubwa ya mgandamizo ilipohamishiwa chini ya sakafu na mabawa yakarahisishwa ili hewa inayotoka nyuma irushwe juu badala ya kumgonga mfuasi. Kwa mujibu wa takwimu zilizotolewa na Formula 1 yenyewe, gari la kizazi kilichotangulia lilipoteza asilimia 35 ya mgandamizo likiwa mita 20 nyuma ya jingine na asilimia 46 likiwa mita 10, ilhali gari jipya lilikusudiwa kupoteza asilimia 4 na 18 tu katika umbali huohuo. Msimu wa kwanza tofauti ilionekana kwa macho, kwani madereva waliweza kufuatana kona baada ya kona bila kuachana. Kisha ikatokea kile ambacho hutokea kila mara: kadiri timu zilivyopata mgandamizo zaidi kwa kuisukuma hewa kando ya magurudumu, ndivyo hewa ya nyuma ilivyozidi kuchafuka, na ilipofika mwaka 2025 malalamiko ya zamani yalikuwa yamerudi midomoni mwa madereva. Kanuni ya hewa huanza kuchakaa siku inapotiwa saini, na mtunga kanuni asiyepanga tangu mwanzo namna ya kuziba mianya kila mwaka anajenga nyumba asiyokusudia kuikarabati.

Sababu ya pili ni joto la tairi. Mfuasi anayeteleza kidogo katika kila kona hupasha mpira juu ya kiwango chake, na tairi iliyopata joto kupita kiasi huteleza zaidi. Ukiona dereva anashambulia mizunguko miwili au mitatu, kisha anajirudisha nyuma sekunde mbili, kisha anakuja tena, huenda anapoza tairi. Kumlaumu kwa woga ni kumwonea. Hapa kubadilisha mabawa hakusaidii sana. Kinachohitajika ni mpira unaohimili joto bila kupoteza mshiko wa kudumu, na hilo ni suala la mtengenezaji wa tairi.

Sababu ya tatu, ambayo husahaulika, ni ukubwa na uzito. Mwaka 2008 uzito wa chini wa gari la Formula 1 pamoja na dereva ulikuwa kilo 605. Mwaka 2022 ulikuwa kilo 798. Gari refu na pana huacha nafasi ndogo ya gari la pili kuingia, na njia iliyokuwa pana kwa magari ya zamani huwa nyembamba bila mtu kuigusa. Kanuni za mwaka 2026 zimelitambua hilo kwa kupunguza upana hadi mita 1.9, kufupisha umbali kati ya ekseli na kushusha uzito wa chini hadi kilo 768. Ni hatua ndogo kuelekea upande sahihi. Naamini kwa dhati kwamba kama mambo haya ya ukubwa yangeanza kuangaliwa miaka kumi mapema, vifaa vingi vya kusaidia kupitana visingehitajika.

Simama hapa na umwite mtaalamu ikiwa marekebisho yako yanagusa sakafu ya gari. Mwaka 2022 magari mapya yalianza kurukaruka kwenye sehemu zilizonyooka, kwa sababu hewa chini ya sakafu ilikuwa ikishika na kuachia kwa zamu, na madereva walishuka na maumivu ya mgongo. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lililazimika kuweka kipimo cha mtikisiko katikati ya msimu, na mwaka 2023 kingo za sakafu zikapandishwa milimita 15. Kamati isiyo na wahandisi wa aerodinamiki na madaktari mezani haina haki ya kufanya majaribio ya namna hiyo juu ya migongo ya watu.

Dalili ya pili: kupitana kupo tele, lakini hakuna mapambano

Mtazamaji anayeripoti dalili hii husema: "Walipitana, ila sikuhisi chochote." Sababu yake ya kwanza karibu kila mara ni kifaa cha kusaidia kupitana kilichopewa nguvu kupita kiasi. Formula 1 ilianza kutumia bawa la nyuma linalofunguka, DRS, mwaka 2011. Dereva aliye ndani ya sekunde moja nyuma ya mwenzake kwenye mstari wa kipimo aliruhusiwa kufungua bawa lake katika eneo lililotengwa, huku aliye mbele akibaki mikono mitupu.

Kipimo cha kwanza ni kuangalia mahali ambapo kupita kunakamilika. Ikiwa gari la nyuma limekwisha kupita na kurudi kwenye mstari wake kabla ya sehemu ya kufunga breki, eneo la kufungulia bawa ni refu mno. Lifupishe kwa makumi ya mita, uangalie mbio moja, kisha ulifupishe tena. Lengo ni magari mawili yafike kwenye breki yakiwa ubavu kwa ubavu, ili uamuzi ubaki kwa mguu na moyo wa dereva. Kipimo cha pili ni kuangalia kama magari matano au sita yamefuatana yote yakiwa ndani ya sekunde moja. Hapo kila mmoja isipokuwa wa kwanza hufungua bawa, faida zinafutana, na kifaa kilichowekwa kuvunja msafara ndicho kinachoufunga. Kufupisha eneo hakutibu hali hiyo, kwa sababu chanzo chake ni dalili ya kwanza.

Sababu ya pili ni mahali pa mstari wa kipimo. Mwaka 2022 huko Jeddah, madereva Max Verstappen na Charles Leclerc walifikia kufunga breki mapema kabla ya kona ya mwisho, kila mmoja akitaka mwenzake atangulie kuvuka mstari ili yeye apate haki ya kufungua bawa kwenye sehemu iliyonyooka. Wengine walilisifu tukio hilo kwa werevu wake, na werevu ulikuwepo kweli, lakini kanuni inayomlipa dereva kwa kupunguza mwendo mbele ya gari lenye kasi ina hatari ndani yake. Tiba ni rahisi: sogeza mstari wa kipimo mahali ambapo kufunga breki kunagharimu zaidi ya kinachopatikana.

Marekebisho ya kina ni kubadilisha aina ya msaada. IndyCar, mashindano ya magari ya Marekani, kwenye njia zenye kona za kulia na kushoto, humpa kila dereva kiasi maalumu cha sekunde za nguvu ya ziada kwa mbio nzima, ambazo anaweza kuzitumia kushambulia au kujilinda. Anayezimaliza mapema hubaki bila ngao, kwa hiyo kila sekunde ina thamani na mtazamaji anaweza kuifuatilia. Formula E, mashindano ya magari ya umeme, humlazimisha dereva atoke kwenye mstari bora na kupita eneo la nje la kona ili apate nguvu zaidi, hivyo kila faida ina bei yake. Formula 1 nayo imeiondoa DRS kuanzia mwaka 2026. Mabawa sasa yanafunguka kwa magari yote kwenye sehemu zilizonyooka, na mfuasi aliye karibu hupewa nishati ya umeme ya ziada. Kanuni ninayoitetea mimi ni hii: msaada wowote uwe na kikomo kinachohesabika, uwe na gharama, na aliye mbele awe na njia ya kuujibu.

Dalili ya tatu: nafasi zinabadilika piti, barabarani kumetulia

Sababu ya kwanza ni kujaza mafuta katikati ya mbio, kazi inayofanyika piti, yaani kituo cha kando ya njia ambapo gari husimama kuhudumiwa. Formula 1 iliruhusu jambo hilo kuanzia 1994 hadi 2009, na timu zikagundua haraka kwamba kupita barabarani ni hatari, ilhali kupita kwa hesabu ya mafuta ni salama. Ukiona dereva mwenye kasi ameridhika kumfuata mwenzake akisubiri aingie piti, umeipata sababu.

Hata hivyo, kuondoa mafuta peke yake hakutoshi. Msimu wa 2010 ulianza bila kujaza mafuta, na mbio za kwanza huko Bahrain zilipooza, kwa sababu tairi zilikuwa ngumu na hakukuwa na tofauti ya kasi kati ya magari. Mfano ulio wazi zaidi ulikuja mwisho wa msimu huo, Abu Dhabi, pale Fernando Alonso, aliyekuwa akiongoza ubingwa, alipoingia piti mapema na kutokea nyuma ya Renault ya Vitaly Petrov. Alikaa hapo mbio zote zilizobaki, akiwa na gari lenye kasi zaidi, asiweze kupita. Akamaliza wa saba, na Sebastian Vettel akatwaa taji kwa tofauti ya pointi nne. Mwaka uliofuata zikaja kwa pamoja DRS na tairi za Pirelli zilizotengenezwa zichakae, na kupitana kukaongezeka mno. Kwa kuwa mambo hayo mawili yaliingia siku moja, mabishano kuhusu lipi lilisaidia zaidi hayajaisha hadi leo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja kila unapoweza.

Sababu ya pili ni tairi inayodumu kiasi kwamba kila timu huchagua kuingia piti mara moja. Kipimo ni kuangalia tofauti ya muda kati ya tairi mpya na ya zamani kwenye mzunguko wa mwisho kabla ya kubadilisha. Ikiwa tofauti ni ndogo, hakuna dereva atakayekuwa na silaha ya kumshinda mwenzake.

Simama hapa bila kusita. Kutengeneza tairi inayochakaa ni kazi nyeti, na mpaka kati ya mpira unaochakaa na mpira unaopasuka hauonekani kwa macho. Huko Silverstone mwaka 2013 tairi za nyuma za Lewis Hamilton, Felipe Massa na Jean-Éric Vergne zilipasuka kwenye mwendo mkali, na muundo wa ndani wa tairi ukabadilishwa katikati ya msimu. Mwaka 2005, chini ya kanuni iliyotaka seti moja ya tairi itumike katika mchujo na mbio zote, timu zilizotumia tairi za Michelin ziliambiwa huko Indianapolis kwamba tairi zao si salama kwenye kona iliyoinuliwa. Magari 14 yaliingia piti baada ya mzunguko wa kujipanga, na sita peke yake yakashindana mbele ya watazamaji waliolipa. Ukisikia neno "kupasuka" hata mara moja, usibadilishe kanuni; simamisha magari na umwite mtengenezaji.

Dalili ya nne: kwenye njia fulani hakuna anayepita kabisa

Monaco, ambako mbio hupita katika mitaa ya mji, ndiyo mfano unaojulikana. Mwaka 2024 bendera nyekundu, ishara ya kusimamisha mbio, ilitolewa kwenye mzunguko wa kwanza, kila timu ikabadilisha tairi bila gharama wakati magari yamesimama, na madereva kumi wa kwanza wakamaliza katika mpangilio uleule walioanza nao. Mwaka uliofuata iliwekwa kanuni ya kuingia piti angalau mara mbili. Matokeo yake, timu zenye magari mawili katikati ya msafara zilimtumia dereva mmoja kupunguza mwendo kwa makusudi ili mwenzake apate nafasi ya kuingia piti bila kupoteza nafasi, kisha wakabadilishana kazi. George Russell alichoka kukaa nyuma ya gari lililokuwa likitambaa, akakata kona kwa makusudi ili apite, akaadhibiwa. Verstappen naye aliongoza hadi mzunguko wa mwisho ukikaribia, akiahirisha kuingia piti kwa matumaini ya bendera nyekundu.

Kosa hapa ni la utambuzi: njia ni nyembamba kwa magari ya leo, na kulazimisha kubadilisha tairi ni kumpa mwenye ugonjwa wa tumbo dawa ya macho. Vipimo rahisi ni upana wa njia kwenye sehemu ya kufunga breki, urefu wa sehemu iliyonyooka inayoitangulia, na kasi ya kona inayoitangulia sehemu hiyo. Kona ya kasi hutawanya magari, ya polepole huyakusanya. Mahali ambapo ardhi inaruhusu, badilisha kona. Abu Dhabi ilifanya hivyo mwaka 2021 na Melbourne mwaka 2022. Mahali ambapo hairuhusu, acha siku ya mchujo iwe ndiyo siku kuu na usiharibu mbio kwa mbinu. Hakuna kona inayoguswa bila wakaguzi wa njia wa FIA, kwa sababu kila mita ya kasi unayoongeza inadai mita zake za nafasi ya kukimbilia gari linapoacha njia.

Dalili ya tano: madereva hawataki kuongoza

Dalili hii hutokea pale ambapo kufuata kunalipa kuliko kutangulia. Katika Formula E mwaka 2023, hasa Berlin na Portland, kujikinga upepo nyuma ya gari jingine kuliokoa nishati nyingi kiasi kwamba kiongozi alikuwa akijiumiza, na kundi zima likasongamana likisukumana. Idadi ya kupitana ilipanda, ila nyingi zilitokana na aliye mbele kumpisha mwenzake.

Kwenye pikipiki sababu ni nyingine. Tairi ya mbele katika MotoGP, mashindano makuu ya pikipiki, hupata joto na presha yake hupanda mwendeshaji anapofuata wengine, na hushuka anapokuwa peke yake mbele. Kanuni ya presha ya chini, iliyowekwa kwa ajili ya usalama, inamwadhibu anayetumia presha ndogo kwa sehemu kubwa ya mbio. Huko Buriram, Thailand, mwaka 2025, Marc Márquez alikuwa akiongoza, akamwachia mdogo wake Álex nafasi ya kwanza, akakaa nyuma yake mizunguko mingi ili presha ipande, kisha akampita na kushinda. Alifanya hesabu sahihi kabisa. Kanuni ndiyo iliyomwomba asiongoze. Usikimbilie kuifuta, kwa kuwa tairi yenye presha ndogo mno ni hatari. Tiba ya kudumu ni tairi yenye uwezo mpana zaidi na mabawa madogo. MotoGP imechagua njia hiyo kwa mwaka 2027, kwa injini za sentimita za ujazo 850, mabawa yaliyopunguzwa, marufuku ya vifaa vya kushusha kimo cha pikipiki, na mtengenezaji mpya wa tairi.

Dalili ya sita: mshindi ni yuleyule kila wiki

Hii si kasoro ya kupitana, ingawa huletwa mezani kwa jina hilo. Mwaka 2023 timu ya Red Bull ya Formula 1 ilishinda mbio 21 kati ya 22 huku nyuma yake magari yakipigana vizuri. Kipimo ni kuondoa mshindi kwenye matokeo na kutazama waliobaki: kama mbio zao ni nzuri, kanuni za hewa na tairi ziache zilivyo.

Sababu ya kawaida zaidi ni mabadiliko makubwa ya kanuni yenyewe. Kila mara vitabu vinapoandikwa upya, timu moja hupata jibu mapema. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mercedes mwaka 2014, iliposhinda mbio 16 kati ya 19. Kanuni zikitulia, wengine hufika. Mwaka 2024, chini ya kanuni zilezile zilizomfanya Verstappen wa Red Bull atawale, madereva saba walishinda zaidi ya mara moja kila mmoja. Ukomo wa matumizi ya fedha ya timu ulioanza mwaka 2021, pamoja na kuzipa timu za chini muda zaidi wa majaribio ya hewa, vimesaidia pole pole na kwa haki. Hila za pointi hazisaidii: mwaka 2014 mbio za mwisho zilipewa pointi maradufu, na mwaka uliofuata kanuni hiyo haikuwepo tena.

Dalili ya saba: kupita kunaamuliwa mezani baada ya mbio

Anza kuangalia lami kabla ya kuangalia waamuzi. Huko Austria mwaka 2023 waamuzi walilazimika kupitia matukio zaidi ya 1,200 ya magari kuvuka mipaka ya njia, na matokeo yakabadilika saa kadhaa baada ya bendera ya mwisho. Mwaka uliofuata iliwekwa changarawe kwenye kingo za kona mbili za mwisho, na tatizo likapungua mno, kwa sababu changarawe humwadhibu dereva papo hapo na haihitaji kikao.

Ikiwa mipaka iko sawa na malalamiko yanaendelea, sababu ni mwongozo wa nani mwenye haki ya kona. Mwongozo unaompa haki yule ambaye ekseli yake ya mbele imetangulia kwenye kitovu cha kona, yaani sehemu yake ya ndani kabisa, humshawishi anayejilinda achelewe kufunga breki, afike kwanza kitovuni, na kumsukuma mwenzake nje ya njia akiwa na sheria upande wake. Mapambano ya Verstappen na Lando Norris mwishoni mwa 2024 yaliionyesha kasoro hiyo wazi. Huko Meksiko Verstappen alipewa adhabu mbili za sekunde kumi. Ongeza sharti kwamba anayejilinda aweze kumaliza kona ndani ya njia, na umwachie aliye nje upana wa gari moja. Fanya mabadiliko hayo kati ya misimu, ukiwa na madereva wenyewe chumbani, na usiyafanye kamwe wiki ya mbio. Ukiona mgongano uleule umetokea mara mbili kwenye kona ileile, acha kuandika upya mwongozo. Funga eneo hilo la kupitana, na uwaite wakaguzi wa usalama wa njia kabla magari hayajarudi barabarani.